Aliyemuuzia Baba Gari

Yorkton, Saskatchewan
Machi 11

Dada yangu mpenzi Verna,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye theluji ambayo mwaka huu imekataa kuondoka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Clifton, na kwamba goti lako baada ya upasuaji linaanza kukubali ngazi. Usilikimbize. Daktari akisema wiki nane, ziwe nane kweli, maana nakujua.

Ukitaka kujua hali yangu, mimi sijambo. Siumwi popote. Naamka, nakwangua barafu kwenye kioo cha gari, nakwenda kazini, narudi, nakula chochote kilichopo. Unajua jino likishapigwa sindano ya ganzi? Unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, lakini hulisikii. Basi ndivyo nilivyo tangu tumzike Baba. Sijalia hata mara moja. Wewe hukunyamaza siku tatu, mimi nikawa napanga viti.

Najua utashangaa kuona bahasha, na Jumapili tu tuliongea kwenye simu. Lakini kwenye simu nikinyamaza wewe unadhani nalia, unanihurumia, unabadilisha mazungumzo, nami nakuacha ubadilishe. Safari hii sitaki unihurumie kabla hujamaliza kusoma.

Arobaini ya Baba ilikwenda vizuri. Padri alikuja na kikohozi chake, akasali kwa kifupi. Akina mama wa kanisa walipika pirohi, zile za unga zilizojazwa viazi, mpaka zikabaki, wakatufungia kila mtu mfuko. Wote walikuulizia, na Bi Sonia Pawluk alisema niwaambie watu wa Ontario kwamba goti la kununua haliwezi kucheza kama goti la kuzaliwa nalo. Watu walikuwa wengi. Duane Friesen alikuja pia. Alibeba viti, akaosha masufuria, akaondoka bila kula.

Najua jina hilo linakuchoma. Ndilo lililonifanya nikae mezani kuandika.

Ngoja nianze mwanzo, maana mambo ya kazini sikuwahi kukueleza vizuri. Mwezi wa tisa mwenye yadi yetu ya magari, Bwana Ostrander, alimleta mama mmoja kutoka Winnipeg, Bi Camille Lavallée, aje kutufundisha namna ya kumpokea mteja. Mauzo yalikuwa yameshuka. Watu walikuwa wanachagua gari kwenye simu zao, wakija kwetu wanakuja kugombana tu. Bi Camille alisimama mlangoni siku mbili na daftari, halafu akatuita. Alisema mteja akiingia hapa tunamkimbilia kama fisi walioona mfupa. Akatoa madeski yote, akaweka meza za duara. Kahawa ikaanza kunywewa kwenye vikombe vya udongo badala ya vile vya karatasi. Na akaweka sheria: hakuna kutaja gari wala bei mpaka umemuuliza mtu maswali matatu. Unakwenda wapi mara nyingi? Unakwenda na nani? Ukifika huko unafanya nini? Ukishauliza, funga mdomo usikilize.

Duane alicheka mpaka akajifuta machozi. Alisema, “Miaka kumi na tisa nauliza watu wanataka gari la rangi gani, kumbe nilitakiwa niwaulize mama zao wanaendeleaje!” Lakini dada, kitu kile kilifanya kazi. Watu wakaanza kukaa. Mzee mmoja wa Melville alikuwa anakuja kila Jumanne kunywa kahawa tu, na hatimaye akanunua pikapu mbili. Mama mmoja alituletea keki kwa sababu nilimpigia simu siku ya tatu kumuuliza kama kiti kinamuumiza mgongo.

Mimi ndiye niliyefanywa msimamizi wa mpango huo. Ukimsimulia mke wangu wa zamani atakufa kwa kicheko: Lorne, anayesifiwa kwa kusikiliza! Lakini niliuweza. Kila asubuhi nilikuwa na orodha ya majina ishirini, nawapigia mmoja mmoja, nauliza afya, nauliza watoto. Wanafurahi. Nikikata simu sikumbuki hata mmoja alisema nini. Na Baba alikuwa Canora, nusu saa tu kwa gari, nami sikuwa nampigia.

Mwisho wa kila mauzo, mteja anajaza fomu ya maoni inayokwenda kwenye kiwanda kinachotengeneza magari. Anatoa alama mpaka kumi. Chini ya tisa, kiwanda hakiihesabu. Fomu ya ndugu wa mfanyakazi haihesabiwi pia. Mwaka wetu wa hesabu hizo ulikuwa unafungwa mwisho wa Januari, na tulibakiza fomu moja tu nzuri ili yadi ipande daraja. Bwana Ostrander alikuwa ameiandika ile namba ubaoni jikoni, kubwa, kwa kalamu nyekundu.

Sasa sikiliza. Nilikwambia kwamba siku Baba aliponunua gari mimi nilikuwa Regina kwenye semina. Sikuwa Regina. Nilikuwa mlangoni.

Ilikuwa Jumatatu, siku kumi kabla ya ajali. Steve Pawluk, jirani wa Baba, alikuwa anakwenda kwa daktari wa meno, Baba akaomba lifti, akashushwa kwetu. Aliingia na ile kofia yake ya masikio, akasimama katikati ya magari akigusa kila moja kwa kiganja kama anayepapasa ng'ombe mnadani. Nilimfuata nikamuuliza anafanya nini. Akasema, “Nimekuja kununua gari. Au hapa mnauza nini, viatu?” Nikamkumbusha tulivyokubaliana mwezi wa nane, mimi, wewe na yeye, kwamba hataendesha tena, na aliyosema daktari wa macho. Akasema leseni yake ni hai mpaka mwisho wa Machi na kwamba kama simtaki atatafuta mtu mwingine wa kumhudumia, kwani pale kuna heshima kwa wateja, amesikia redioni.

Bi Camille alikuwa anatutazama kupitia kioo. Nikamkalisha Baba kwenye meza ya duara. Nikaleta kahawa. Sikujua nimwambie nini, Verna, kwa hiyo nikamuuliza yale maswali matatu. Yalinitoka yenyewe, kama ninavyowauliza wengine.

Nilimuuliza anakwenda wapi mara nyingi. Akasema alikuwa anakwenda makaburini kwa Mama kila Alhamisi, mpaka tulipomnyang'anya pikapu. “Mlichukua funguo mkaniachia kalenda,” ndivyo alivyosema. Nikamuuliza anakwenda na nani. Akanitazama kama mpumbavu, akasema peke yake, angekwenda na nani? Nikamuuliza akifika huko anafanya nini. Hapo akazungusha kikombe. Halafu akaniambia kwamba anazima injini, anashusha kioo kidogo, anamsomea Mama bei za ngano kutoka gazetini. Mama alikuwa anapenda kujua. Siku za mwisho maandishi yalikuwa hayaonekani tena, akawa anazitunga. “Nilimpa bei nzuri sana,” akasema. “Hakuwahi kunikosoa.” Akacheka. Mimi pia nikacheka.

Tulikaa saa nzima na nusu. Alinieleza jinsi alivyokutana na Mama kwenye foleni ya kuuza maziwa. Alinieleza kuhusu yule mtoto wa kabla yako, ambaye mimi sikuwahi kusikia habari zake hata siku moja. Sijui kama wewe ulijua. Aliitwa Taras, aliishi wiki mbili. Miaka hamsini na minne mimi ni mwanawe, hakuwahi kuongea nami hivyo, wala mimi sikuwahi kumuuliza kitu nikafunga mdomo.

Halafu tukatoka kulijaribu gari, lile dogo la kijivu. Yeye akaendesha. Kwenye taa za Broadway alisimama taa ikiwa ya kijani, watu wakapiga honi, akaniuliza wana haraka gani. Nilimwambia, “Baba, ni kijani.” Akasema ni mwanga wa theluji. Mbele ya duka la dawa tairi la kulia lilipanda ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, likashuka. Hakuna aliyekuwepo. Alisema gari lina nguvu. Nikasema ndiyo, lina nguvu.

Kwa hiyo nilijua. Usije ukajiambia kwamba Lorne hakujua.

Tuliporudi niliandaa karatasi. Sehemu ya muuzaji nikaandika jina la Duane, ili fomu ya Baba ihesabiwe. Nilimfuata Duane pale jikoni, nikamwambia ni mzee kutoka Canora, wa majina yanayofanana na yangu, aniwekee sahihi tu na kamisheni ni yake. Akatia sahihi amesimama, sendwichi mkono wa pili. Hakumwona Baba hata usoni. Kisha nikamsomea Baba fomu ya maoni, maana mwenyewe hangeweza kuisoma. Nilipofika kwenye swali la kama muuzaji alimsikiliza, Baba alisema, “Weka kumi. Huyu mtu amenisikiliza.” Nikaweka kumi. Nilimshika mkono, nikampa funguo, akaondoka polepole akielekea kaskazini, nami nikapunga mkono kama tunavyompungia kila mteja. Bi Camille alisema yalikuwa mapokezi mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaona.

Mengine unayajua. Alhamisi ya wiki iliyofuata, ile alama ya kusimama kwenye Barabara Kuu Namba Tisa, lori la nafaka. Polisi walisema hakukanyaga breki kabisa. Dereva wa lori, yule binti wa Kamsack aliyevunjika mkono, nilimtembelea.

Ulipoliona jina la Duane Friesen kwenye karatasi za gari, ukamwandikia Bwana Ostrander kuuliza huyo ni mtu gani asiye na haya hata akamuuzia gari kipofu wa miaka themanini na mbili, alifungua faili, akaona sahihi, akamwita Duane ofisini. Mimi nilikuwa chumba cha pili nawapigia wateja. Dakika kumi tu. Duane akatoka na boksi lenye kikombe chake na picha za mabinti zake. Alipita mezani kwangu. Alikuwa amekwisha kuelewa mzee wa Canora alikuwa nani. Nilidhani atanipiga, na nadhani nilitaka anipige. Alisema tu, “Umezika baba wiki tatu zilizopita, bwana. Mimi nitapata kazi nyingine.” Sasa anafagia ghala la nafaka, na miaka yake ni hamsini na sita. Mwezi huohuo wa Februari mimi nilipewa cheti mbele ya wafanyakazi, yadi ilipanda daraja. Watu walipiga makofi. Nilisema asanteni.

Kesho yake baada ya arobaini nilikwenda kwa Bwana Ostrander nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Alifunga mlango. Alisema nina uchungu wa kufiwa na nichukue mapumziko. Nilipong'ang'ania, akasema malalamiko yaliyopo kwenye faili yamemtaja Duane Friesen, wakili ameyaona, na hawezi kumrudisha mtu kwa sababu mtoto wa marehemu amekuja na hadithi mpya bila karatasi. Nimeandika barua ya kuacha kazi, leo nimeipeleka. Duane hajui. Sijui kama atarudi wakimwita, wala sijui kama atataka kuniona.

Lakini dada, hayo yote ni ya yadi. Lililo langu hasa sijalisema bado, nimelizunguka kurasa nne.

Baba alipokuwa anazungusha kile kikombe na kuniambia habari za Alhamisi, mimi nilikuwa na jibu. Lilikuja wazi kabisa kichwani: Alhamisi ndiyo siku yangu ya mapumziko, Baba, nitakuchukua saa nne. Ni hayo tu. Hayakuhitaji gari. Wewe uko mbali, mimi niko nusu saa. Nililiona hilo jibu, nikalishika, nikaliacha. Sikuwa hata na sababu. Alhamisi huwa nalala mpaka saa tano na kutazama televisheni. Nikamwambia, “Basi, Baba, twende tukalijaribu lile la kijivu.”

Siku aliyokufa nilikuwa kwenye kochi.

Sikuombi unisamehe, sijafika huko, na nikikwambia najuta nitakuwa nasema nisichokisikia bado. Nakuomba kitu kimoja. Chukua karatasi, mwandikie Bwana Ostrander barua nyingine. Mwambie barua yako ya kwanza ilimtaja mtu siye. Popote ulipoandika Duane Friesen, andika Lorne Danyluk, mwanawe. Usinipunguzie ukali hata neno moja.

Nisalimie shemeji Clifton. Mwombe akusomee sehemu za mwisho kama huwezi. Wasalimie watoto, ukiona inafaa. Nyumba ya Baba nimezima maji ili mabomba yasipasuke, na kuni nimempa Steve. Alhamisi nilikwenda kwa Mama, na sasa Baba yuko pembeni yake. Nilikuwa nimenunua gazeti. Nilikaa ndani ya gari saa nzima na sikuweza kulifungua.

Ukikaa kimya nitaelewa. Ukipiga simu, nitapokea, na safari hii nitaongea.

Ni mimi mdogo wako,

Lorne