Besi ya Mzee Awadhi Imepotelea Sikioni

Mpendwa Shangazi Severa, shikamoo.

Naomba msaada wako, na ukiweza uniwahishie jibu, maana zimebaki wiki tatu tuingie Ramadhani na mimi nilitaka mwezi unikute nimeshaoa, lakini posa yangu imekwama kwa sababu ya iafoni, na najua hapo utacheka, hata mama yangu alicheka kwanza kabla hajaanza kulia.

Nina meza ya vifaa vya redio Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nauza betri, kaseti, rimoti na sasa hizi iafoni mpya za kuchomeka ndani kabisa ya tundu la sikio, ambazo zimeanza kushuka na makontena mwaka huu. Binti ninayemposa anaitwa Nasma, wa Ilala, tumependana miaka miwili, barua ya posa ilishapokewa, na baba yake, Mzee Awadhi, alikuwa ameshanikubali. Ni mzee mpole, amestaafu ukarani bandarini, ila ujanani alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi, na ana kaseti moja waliyorekodi enzi hizo ambayo kila siku baada ya alasiri anakaa nayo barazani, wokmeni mapajani. Basi hedifoni yake ya zamani ikafa, akaja mezani kwangu mwenyewe, akasema hataki tena yale makubwa kwa sababu utepe wake wa kichwani unamponda kofia, na Shangazi, kofia ya Mzee Awadhi imeshonwa kwa mkono na haivui mbele ya watu hata kwa dawa. Nikampa iafoni. Akaigeuzageuza, akaniuliza, "Hii itatoa besi kama ile kubwa?" Nikamwambia, "Wallahi Mzee, besi ileile, utadhani umekaa jukwaani."

Jirani yangu Ketan, ambaye familia yao ina duka la redio nyuma ya meza yangu, alisikia yote. Mzee alipoondoka akaniambia, "Wewe Mbaruku, umeona wapi mende akaunguruma? Besi inataka spika pana. Kidude kama punje ya mtama kitaitoa wapi?" Nikamjibu, "Wivu tu huo, hedifoni zako zimeota vumbi." Tukacheka, yakaisha.

Siku ya tatu naitwa Ilala, namkuta Mzee barazani, iafoni kaziweka kwenye kisahani kama miiba ya samaki, hata karibu hakuniambia. Akasema, "Mbaruku, kwenye kaseti hii besi napiga mimi. Nimesikiliza upande wa kwanza, nikageuza wa pili. Simo." Nikasema labda betri. Akasema, "Betri nimebadili. Mwimbaji yumo. Tarumbeta zimo. Hata yule mpiga manyanga aliyekuwa anachelewa mazoezi, yumo. Mimi ndiye simo." Halafu akaniuliza kwamba kama namtaja Mungu kwa kitu kidogo namna hii, siku nitakayomtaja kwa ajili ya mwanawe atajuaje kama nasema kweli, na akasema posa ikae kwanza. Nasma naye nilipomwendea akaniambia, "Maliza mwenyewe. Mimi masikio ya baba siyaamulii."

Shangazi, zile iafoni si mbovu, ni mpya kabisa, nilizitoa kwenye pakiti mimi mwenyewe, nikavua vile vifuniko vya mpira vya kuzuia vumbi la safarini, kama ninavyovua zote ili kichwa cha chuma king'ae mezani (vifuniko nampa Fundi Kasmir, anavibandika chini ya redio zisiteleze), nikazipangusa vizuri na pamba. Sasa Ketan ananiambia nichukue hedifoni kubwa dukani kwao nimpelekee Mzee kuomba radhi. Muuza kaseti wa meza ya pili ananiambia nimweleze Mzee kwa adabu kwamba mtu aliyesimama miaka kumi mbele ya maspika masikio yake yamekwisha, besi ipo ila yeye ndiye haisikii, na hili naona linaweza kunitoa. Nifuate lipi? Na ni kweli kwamba kitu kidogo hakiwezi kutoa besi?

Mbaruku, Kariakoo

*

Marahaba, Mbaruku.

Mama yako alikuwa na haki ya kucheka na alikuwa na haki ya kulia. Mimi nilicheka mpaka nilipofika kwenye lile neno "simo", hapo nikavua miwani.

Tuanze na hivyo unavyoviita vifuniko vya kuzuia vumbi. Si vifuniko, mwanangu. Ndiyo besi yenyewe. Umeivua kwa vidole vyako, ukampa fundi akaibandika chini ya redio, kisha ukamwapia mzee wa watu kwamba ipo.

Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja, kwa hiyo nivumilie kidogo. Chukua bomba la baiskeli. Sukuma mpini huku tundu liko wazi: hewa inajiendea zake, huhisi kitu. Sasa ziba tundu kwa kidole, usukume kidogo tu, na kidole chako kitakwambia. Besi ndivyo ilivyo, ni hewa inayosukumwa na kuvutwa polepole. Spika ya ukumbini ni pana kwa sababu ina hewa ya ukumbi mzima ya kusukuma. Iafoni haina ukumbi. Ina tundu la sikio, na hewa iliyomo humo haijazi hata kijiko cha chai. Kwa hewa hiyo punje ya mtama inatosha kabisa, mradi tundu limezibwa. Vimpira vile ndivyo vinavyoziba. Ukiviondoa, msukumo wa besi unavujia nje, zinabaki sauti nyembamba zenye mitikisiko ya haraka, ambazo upenyo mdogo haziudhiki nao sana. Ndiyo maana tarumbeta zilikuwamo na manyanga yalikuwamo.

Sikujibu kwa kitabu tu. Juzi nilinunua iafoni kama zako pale Ilala, nikaweka kaseti ya kwaya ya parokia yetu. Bila vimpira, kwaya nzima ilikuwa ya wanawake. Nikavirudisha, wanaume wakaingia.

Kwa hiyo Ketan amekosea kuhusu mende, ila hakukosea yote. Hedifoni kubwa iliyo nzuri hutoa besi tulivu zaidi, hata ngozi inayozunguka sikio huihisi kidogo. Na wewe uliposema "utadhani umekaa jukwaani" ungekuwa umedanganya hata kama vimpira vingekuwa mahali pake. Besi ya jukwaani huingia kwa nyayo na kifua. Hakuna kitu cha kuvaa masikioni, kidogo wala kikubwa, kitakachompa Mzee kifua. Lakini hedifoni za Ketan usimpelekee. Mto wa hedifoni ukikalia ukingo wa kofia unaweza kuacha upenyo, na besi ikavuja palepale, kisha utakuwa umemponda kofia juu ya hasara. Kwa kichwa cha Mzee Awadhi na kofia yake, hizo ndogo ndizo zinazofaa. Alichagua vizuri. Wewe ndiye uliyeuza vibaya.

Huyo muuza kaseti mkatalie bila hata kumaliza kumsikiliza. Uzeeni masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, besi huwa miongoni mwa za mwisho kuondoka. Ungemwendea Mzee na maneno yale ungekuwa umemtoa kwenye kaseti yake kwa mara ya pili, na safari hii kwa makusudi.

Kutojua si kosa. Siku hizi vitu vinashuka bandarini na maelezo ya lugha ambazo hata mimi sizisomi, nani atavijua vyote. Kosa lako ni kuapa. Uliulizwa swali zuri na mtu anayeijua besi kuliko Kariakoo nzima, na jibu lilikuwa mbele yako mezani: "Mzee, hebu chomeka tusikilize." Dakika mbili tu. Badala yake ukamtuma Mungu akuuzie iafoni.

Sasa fanya hivi. Leo hii nenda kwa Fundi Kasmir ubandue vimpira vyako. Vikiwa na gundi, viache, fungua pakiti mpya. Chukua saizi zote, ndogo, ya kati na kubwa, kwa sababu sikio la kulia na la kushoto la mtu mmoja mara nyingi hayalingani. Kesho, saa ileile anayokaa barazani, nenda Ilala peke yako, bila mshenga na bila Ketan. Usimchomeke wewe. Mpe ajaribu mwenyewe mpaka kelele za barabarani zipungue, hapo ndipo atajua pamezibwa. Kaseti aiweke yeye. Usimuulize "unasikia?" Kaa kimya wimbo wote, hata akifumba macho. Posa usiitaje.

Ukirudi mezani, andika kwenye kadibodi kwamba kila uliyemuuzia iafoni zilizovuliwa aje achukue vimpira vyake bure. Itakuaibisha siku mbili, tatu. Vumilia, ni aibu yako halali.

Mzee akimaliza kusikiliza atakuuliza ilikuwaje. Usimletee habari za kontena wala vumbi. Mwambie, "Mzee, niliapa kwa kitu nisichokijua." Halafu ishia hapo. Huna cha kuongeza, na lolote utakaloongeza litapunguza. Akikwambia nenda, nenda na umshukuru. Akimwita Nasma alete chai, na chai ikaja vikombe viwili, usiulize kitu. Kunywa.

Shangazi Severa