Maji ya Masanja pale Stesheni

Miaka themanini na moja ninayo, na nimewazika ndugu zangu wote. Mwanangu Masanja sijamzika. Shimo la dhahabu la Rwamgasa lilimfukia, mwili haukuonekana, nikakataa matanga.

Leo treni ya Mwanza imeingia, na mama yake akapiga magoti stesheni na kata ya maji kumpokea, kama kawaida yake kila treni ikifika.

“Mama Masanja, inuka! Watu wanatucheka.”

“Wacheke. Mwanao ana kiu.”

Kata ikainama yenyewe mkononi mwake. Maji yakaisha, na chini hapakulowa. Mimi nisiyeogopa fisi nikashika nguzo.

Anayekunywa hivyo si wa dunia hii; kesho tunanyoa nywele, tunamlilia. Mimi wa kwanza.

Aulizwe Luhende mfagiaji. Alifagia nyayo za matope pale, na mvua hatujaiona.