Mama Mwanvua hakuikimbia mivule

Mama yetu mupenzi, Mwanvua binti Amisi,

Mwaka umetimia tangu ulipotuacha, na bado mutu akikohoa nje ya mulango tunafikiri ni wewe unatoka shamba. Hitima yako tutaisoma Ijumaa. Lakini mbele ya hitima iko neno tunapaswa kukuambia, na tumeomba redio ilisome ili majirani nao walisikie.

Ulikuwa mulimaji wa mupunga. Uliuanika kando ya mivule mitatu ya mulango wa kijiji, pale inapopita njia ya Kabambare, na kuku wa jirani waliijua ndala yako. Mugeni hakupita bila kuulizwa kama amekula. Kahawa uliitia chumvi, na ulikasirika tukicheka.

Kampuni ya barabara ilipoipaka mivule alama nyekundu, haukukataa barabara. Watu walisema vile, lakini si kweli. Ulimuambia mukubwa wa kazi: “Baba, ukikuta muzee amekaa njiani, unamuzunguka. Hii miti nilizaliwa nikaikuta, na nyanya yangu vilevile. Pindisha kidogo tu.” Alicheka, akasema barabara imekwisha kuchorwa. Wewe ukachukua mukeka, ukaenda kukaa chini ya muvule mukubwa. Jirani yako Mama Aicha akakufuata, na wamama wengine nyuma yake. Mulikula pale, mulisali pale, katapila ikabaki imesimama.

Sisi watoto wako tuliona haya. Kassimu alikuwa amechoka kusukuma pikipiki kwenye matope ya Lusangi. Djamila alisema, “Mama anatuchelewesha juu ya miti.” Halafu tukasikia polisi wanakuja, tukaogopa pia. Lakini tusijifiche nyuma ya woga. Barabara tuliitaka.

Kesho yake asubuhi Kassimu alikuja mbio, akakuambia Iliasi, mutoto wa Djamila, anatetemeka kwa homa. Ulisimama bila kuvaa ndala. Njiani ulichuma majani ya dawa. Ulipofika ulimukuta Iliasi anasukuma ringi ya baiskeli uwanjani, muzima kabisa. Kule nyuma, wamama walipoona umeondoka, nao waliinuka mumoja mumoja. Muvule wa kwanza ulianguka sisi tungali tumesimama mbele yako, tunatazama chini.

Ulitutazama sana. Ukamushika Iliasi paji la uso, ukasema: “Mutoto iko muzima. Nashukuru Mungu.” Majani ukayaanika, ukasema yatafaa siku ingine. Haukutugombeza. Afazali ungetugombeza, Mama.

Kijiji kikasema Mwanvua amekula pesa ya kampuni. Mama Aicha akaacha kukusalimia. Kutoka sokoni ulirudi na mupunga wako kama ulivyoenda nao. Sisi tulingoja useme kwamba ni watoto wako walikudanganya, na haukusema hata siku moja. Djamila alikuuliza kwa nini, ukamujibu: “Nikisema, mutaishi na nani hapa?” Tukanyamaza, kwa sababu ilitufaa. Ulikufa unaitwa musaliti, na sisi tukasifiwa kwamba tumekuzika vizuri.

Barabara ni nzuri, Mama, hatuwezi kusema uongo mwingine. Mwezi uliopita Iliasi alishikwa na homa ya kweli. Tulimupa kwanza yale majani yako, halafu Kassimu akamubeba kwa pikipiki mpaka hospitali, wakafika mapema, akapona. Tulifurahi, lakini tulishindwa kutazamana usoni. Wakati wa kurudi, walipofika pale mivule ilipokuwa, Kassimu aliacha katikati ya barabara, akapita pembeni kwenye nyasi. Iliasi alimuuliza, “Mujomba, unazunguka nini?”

Mama Aicha, na ninyi wamama mulioketi naye, musikie: Mwanvua hakuikimbia mivule, na pesa ya mutu hakula. Alikwenda kutibu mutoto. Sisi ndio tulimuita kwa uongo. Ijumaa mulango uko wazi, kama mutaweza kuingia nyumba yetu.

Wanaokukumbuka: mume wako Souleymane, ambaye tulimuambia haya leo asubuhi tu, watoto wako Djamila na Kassimu, na mujukuu wako Iliasi, ambaye siku moja tutamueleza.

Mungu akurehemu, Mama. Hatutakusahau. Kila tukifika pale, tutakuzunguka.