Mzee wa Watu, Mama Yetu

Dada yangu,

Wanao hawajambo? Huku paa la jikoni tumeliziba, na yule kuku wako mweupe ametotoa.

Mimi sikai kitako siku hizi. Tangu kiwanda cha nguo kifungwe, kila asubuhi nakwenda kwa wakala wa ajira, nangoja kwenye benchi mpaka miguu inakufa ganzi. Walinipeleka hotelini kufua mashuka, nikarudi. Wakanipeleka dukani, nikarudi. Roho haitulii, dada.

Juzi afisa wao, mwanamke wa makamo, akaniuliza, "Nyumbani unafanya nini?"

"Namuuguza mama. Namwogesha, namlisha, akigoma kula namwimbia."

"Mbona hukusema? Hiyo ndiyo kazi yako!"

Wamenipatia mzee aliyepooza upande mmoja, ambaye watoto wake wako mbali. Nilikwenda kujaribiwa. Nilipomgeuza kitandani akanishika mkono, akasema, "Wewe umezoea." Nilitoka uani nikalia kwa furaha, mara woga ukanishika: mimi nikiwa kwa mzee huyu, mama atageuzwa na nani?

Sikutaka kukwambia hili kwa barua. Mama hanitambui tena. Ananiita kwa jina lako, nami naitika.

Kazi nimeikubali. Jumatatu naanza, na safari hii sirudi nyuma. Usitume mtu, usitume salamu. Njoo mwenyewe, ili akiita, aitike mwenye jina.

Kitanda chako nimeshakitandika.

Mdogo wako