Gratien Amekata Wimbo Yangu

Gisenyi, chini ya kilima Rubavu
Tarehe 9, mwezi wa sita 1957

Mupendwa ndugu yangu mudogo Habiyaremye,

Nakusalimia sana, we na bibi yako Xavérine na watoto, huko Elisabethville. Muko namna gani? Ile kifua yako imepona? Acha sigara. Nilikuambia zamani na hukusikia. Sisi huku tuko wazima. Bibi yangu Nyirasafari magoti inamuuma, lakini mudomo iko na nguvu yake yote. Mi sina ugonjwa. Watu wa rika yangu wanatembea na fimbo, mi bado napiga kasia mpaka Nyamyumba na kurudi bila kupumzika. Na hii barua naandika na mukono yangu mwenyewe, katekista hakuigusa.

Bon. Barua yako ilifika, nikasoma, nikakasirika. Unaniamuru mi mukubwa wako nimuzuie mutoto wako Gratien asiende Ruwenzori na wazungu kwa barafu, kwa sababu Xavérine analia. Unafikiri sikumuzuia? Nilificha viatu yake. Nilimupa mutumbwi wa kuziba, kazi ya wiki nzima. Asubuhi natoka, hayupo. Gratien iko kule kwa mawe ya volcan, njia ya Goma, miguu wazi, anafunga kamba na kufungua kamba.

Yule anawafundisha ni Musiyo Armand. Wanafunzi yake ni vijana wa Nyamyumba na wazungu wawili ambao hawajakanyaga barafu hata siku moja. Anasema kule juu barafu iko na nyufa ya kumeza nyumba, na theluji inafunika, huzioni, kama shimo ya mutego chini ya majani. Donc watu wanafungwa kwa kamba moja, kila mumoja anatembea mbali na mwenzake, kamba imenyooka. Mumoja akiingia, wengine wanajitupa chini palepale na kuchoma kishoka mu barafu. Hakuna kukimbia.

Nilicheka. Mi nifundishwe kamba? Mitumbwi ya Nyamyumba, nani aliishusha toka musitu mpaka ziwa? Mi naanza wimbo, wanaume wanakuja bega kwa bega, wanavuta. Hata mutu akianguka mu maji tunafanya vile: wimbo, na wote tunamukimbilia. Hivyo ndivyo tulimutoa baba yako mukwe, au umesahau?

Basi nikaenda kumurudisha Gratien kwa nguvu. Musiyo akakataa nisimame pale bila kamba. Wakanifunga nyuma ya Gratien. Mbele yake walifunga Sibomana, ule kijana mucheshi wa Twagirimana. Sibomana ndiye alitakiwa kuruka mu ufa ya mawe, kama mutu ameanguka.

Akaruka. Gratien akajitupa kifudifudi, kamba ikamuburuta, uso mu majivu. Ndugu yangu, uliniachia ule mutoto hajaota meno. Sikukumbuka somo ya mutu yeyote. Nikakimbia kwa ukingo na nikaanza wimbo. Na wale vijana wamezaliwa na ule wimbo, wakaacha mahali yao wakanifuata wote, hata muzungu mumoja. Ukingo ikavunjika chini ya miguu yangu. Nikaingia.

Wengine walikuwa wanakuja vilevile, karibu waingie juu ya kichwa yangu. Ndipo nikasikia sauti ya Gratien, hana pumzi: "Nyamaza, baba mukubwa. Wote lala chini."

Wakalala wote, kimya. Tangu nizaliwe hakuna mutu alikata wimbo yangu, hata marehemu baba hakujaribu.

Tukabaki tumening'inia, mi na Sibomana, kwa ule mutoto mumoja, mpaka Musiyo akafunga kamba kwa chuma mu jiwe. Unajua mi si mwembamba. Sibomana, chini yangu, anauliza: "Muzee, umekuja kuvuta ao kuvutwa?" Nikamuambia nitamujibu tukifika juu.

Nilitaka wanivute. Gratien akakataa, anasema ukingo itavunjika tena. Akanishushia kamba ndogo mbili za kufunga kwa ile kubwa, na kitanzi ya kutia mguu. Ukiisukuma inapanda, ukiikanyaga inashika. "Kanyaga, baba mukubwa. Simama. Sukuma ya juu. Pumua." Kama mimi zamani nikimufundisha kutembea. Nilipanda kama kiwavi, lakini nilipanda haraka kuliko Sibomana, uliza mutu yeyote.

Sasa sikia kitu inanikasirisha zaidi. Nilimuambia Gratien nitaenda naye, nitakaa nyuma ya kamba. Ashwi, amekataa. "Kule juu nataka mutu wa kulala chini," anasema, "na we hujui kulala." Mimi! Nikajaribu hapa uani. Nyirasafari alikubali kuwa mutu wa kuanguka, na magoti yake ile. Nilifunga meno, nikajiambia lala, muzee, lala. Kila mara miguu ilimukimbilia.

Wanaondoka baada ya misa ya Petro na Paulo. Gratien hataondoka bila neno yako. Hiyo heshima nilimufundisha mi. Donc andika ndiyo, na usichelewe, nimechoka kuona anatazama njia ya posta.

Na Xavérine akilia, muambie hivi: habari ya hii kamba sikuhadisiwa na mutu. Nimening'inia mwenyewe, na uzito yangu wote, na Sibomana kuongeza, na mutoto wake hakuachia.

Nisalimie binti yako Languida na mume wake Phocas, na ule mutoto wao mupya ambaye hamukumupa jina yangu. Mungu awafunike, na akufungue kifua upumue vizuri.

Ni mimi kaka yako, mwenye kukupenda hata nikikukasirikia,

Bimenyimana