Winga wa Kushoto katika Mwaka wa Tohara

Jumatatu, 1 Julai 1974. Mbale.

Mazoezi tangu alfajiri. Umande hadi magotini. Goti langu la kulia limevimba tena, linajua mvua kabla ya redio. Wanafunzi wanakimbia vichwa chini utadhani wameangusha kitu. Mpira wenye hewa ni mmoja tu. Wa pili tumeushona, unadunda upande.

Mkuu wa chuo amekuja uwanjani na viatu vyake vinavyong'aa. Anataka kombe la vyuo mwaka huu. Nimemwambia sina winga wa kushoto. Akasema, "Wewe si ulicheza mpira wa kulipwa Mombasa? Basi katafute." Kwake mimi ni mbwa wa kuwinda. Haya. Kesho kutwa naenda Jinja.

Jumatano, 3 Julai. Jinja.

Nimefikia kwa dada yangu, Mafubira. Sukari hakuna. Tumekunywa chai kavu tukacheka, maana kulia hakuleti sukari.

Jioni uwanja wa kiwanda cha nguo. Nimempata. Anaitwa Mafabi. Amemaliza sekondari, anafanya kazi kiwandani, anachezea timu yao. Mguu wa kushoto. Alipokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, akageuka, beki akabaki amekaa chini. Nilijikuta nimesimama. Miaka mingi mpira haujanisimamisha.

Kisha nikaona nani mwingine amesimama, ng'ambo ya uwanja. Ramadhani. Tulicheza pamoja Mombasa, yeye winga, mimi mshambuliaji wa kati. Nusu ya mabao yangu ni krosi zake. Siku hizi ni sajini, anafundisha timu ya kambi ya jeshi hapa Jinja. Naye alikuja kutafuta mtu.

Tulikumbatiana. Tukataniana kuhusu vitambi. Nilimwogopa. Ni aibu, lakini nilimwogopa.

Golikipa wa kiwanda hiki alichukuliwa na timu ya kambi mwaka jana. Alifungwa bao la kizembe mbele ya Meja anayeimiliki timu kama mbuzi wake. Hajaonekana tena. Jinja nzima inajua. Hakuna anayelitaja.

Alhamisi, 4 Julai. Jinja.

Nimemwona mama yake Mafabi. Anakaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, kando ya njia, hapa hapa Mafubira. Mjane. Yeye ni Msoga, marehemu mumewe alikuwa Mgisu wa Mbale. Mtoto kakulia huku kwa mama, Kigisu anakisikia kwa shida.

Hakuuliza ada wala chakula. Alisema neno moja tu. "Mwalimu, hii mutoto yangu iko moja. Chukua yeye, asome. Lakini askari wasipate yeye."

Nimeahidi. Mdomo wangu mwepesi.

Jumatano, 10 Julai. Mbale.

Mafabi amefika na basi la asubuhi, begi moja, viatu vya mpira shingoni. Chuo kimempa kitanda. Nimempeleka kwa baba yake mkubwa, Mzee Gidudu, nyuma ya eneo la viwanda. Ustaarabu. Kocha hamleti mtoto wa watu mjini kwao akamficha ukoo wake.

Mzee alifurahi. Alimgeuza kama anayenunua ng'ombe. Akamuuliza umri. Akaniuliza mimi, "Huu ni mwaka gani, Kocha?" Nikamjibu sabini na nne. Akatabasamu, akaagiza pombe ya wimbi. Mimi nikapewa soda.

Sijaelewa alichotabasamia.

Jumatatu, 15 Julai.

Mazoezi mazuri. Mafabi anawachezea wenzake kama watoto. Amewafunga, akawaomba radhi. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Furaha tupu.

Kitu kimoja. Baada ya mazoezi vijana huoga mtoni. Yeye huingia na kaptula. Wenzake wananong'ona.

Jumamosi, 20 Julai.

Ramadhani kapita Mbale, nguo za kiraia. Tumekula mulokoni, supu ya kwato, kwa mama mmoja karibu na stendi ya mabasi. Hakula vizuri, na yeye kwato za ng'ombe hakuwahi kuziacha.

Meja amesikia habari za winga. Ramadhani anaapa si yeye aliyemwambia. Namwamini. Mwezi ujao kambi yao inacheza na kambi nyingine, na Meja ameshajitapa mbele ya wakubwa. Ramadhani akasema, "Ndugu yangu, mfiche au mlete. Katikati hapana."

Nikamuuliza, ukirudi mikono mitupu itakuwaje. Akaanza kunikumbusha bao letu la Mombasa, lile la mvua. Alilieleza lote mpaka mwisho. Sikumkatiza.

Jumanne, 23 Julai.

Sijalala vizuri tangu Jumamosi. Kila gari linalopunguza mwendo nje ya chuo, nachungulia dirishani. Leo lilikuwa la mkate. Na mkate wenyewe hakuna.

Ijumaa, 26 Julai.

Mjinga mimi. Mjinga wa kupindukia.

Vijana wameona mtoni walichotaka kuona. Mafabi hajatahiriwa. Wamempelekea habari Mzee Gidudu, naye alikuwa anangojea kusikia tu. Huku Wagisu hutahiri vijana wao kila mwaka wa shufwa, unaogawanyika kwa mbili, mjini na mlimani, hadharani, kijana amesimama wima. Mwaka huu ni wa shufwa. Mwanamume wa ukoo ambaye hajakatwa ni msinde, hata awe na shahada. Akijificha, wanamsaka.

Mimi nilitahiriwa nikiwa mdogo mno hata sikumbuki. Kwetu Waislamu jambo hilo huisha kabla ya akili kuingia. Halikunipitia kichwani kabisa. Nimemchukua msinde kwa mkono wangu, mwaka wa tohara, nikampeleka hadi mlangoni kwa baba yake mkubwa. Na nikamtajia mwaka.

Kombe limekwenda. Kupona ni wiki nyingi.

Jumapili, 28 Julai.

Nimekwenda kumsihi Mzee Gidudu. Asubiri shufwa ijayo, kijana ana masomo, ana mechi. Alinisikiliza kwa adabu zote. Kisha: "Kocha, wewe nafundisha yeye mupira. Sisi nafundisha yeye kuwa mutu. Kwanza mutu, mupira nyuma."

Nimekasirika. Nimerudi kwa miguu, goti linalia njia nzima. Mafabi anafunga kamba za viatu, anafungua, anafunga.

Ijumaa, 2 Agosti.

Baada ya sala nimekutana na Mafabi mlangoni kwangu. Kasema, "Kocha, naogopa kisu. Lakini hapa wananiita mtoto. Hata wale ninaowafunga mabao." Ana miaka ishirini. Nilitaka kumwambia kimbia, rudi kwa mama. Kisha nikakumbuka nani yuko Jinja.

Jumanne, 6 Agosti.

Imefika. Askari wa pikipiki kaleta ujumbe kwa mdomo, mbele ya Mkuu wa chuo. Mafabi awe kambini Jinja Jumamosi, acheze. Gari litakuja Alhamisi. Mkuu alisema "ndiyo afande" kabla maneno hayajaisha. Askari alipoondoka, Mkuu akaniambia tusiongee habari hiyo.

Nimekaa uwanjani peke yangu. Nimefikiria Kenya, mpaka si mbali. Lakini vizuizi barabarani, na Mafabi hana kitambulisho cha maana. Watampiga risasi au watamrudisha. Na mama yake atabaki Mafubira, wanajua anapokaa.

Halafu nikafikiria kisu.

Mchana huo huo nimekwenda kwa Mzee Gidudu. Zamu ya ukoo wake ilikuwa wiki ijayo. Nimemwomba aisogeze. Nimemwambia sababu yote, bila kuficha. Akasema kisu hakikimbizwi na gari la serikali. Kisha akamwita mkewe, akamwambia asage wimbi la kumpaka Mafabi.

Nimemwambia Mafabi mwenyewe. Akauliza, "Ni Kocha unataka?" Nikasema ndiyo. Sikumpa nafasi ya kuwa na woga wake. Nitaulizwa hilo siku moja.

Alhamisi, 8 Agosti.

Niandike upesi.

Tangu jana Mafabi anacheza ngoma. Kengele mapajani, shanga kifuani, mwili mzima umepakwa chachu ya wimbi, uso mweupe kwa unga. Mjini kote, nyumba hadi nyumba za jamaa, na umati nyuma yake. Vijana wangu wa timu wote wamo, wanaimba kuliko wanavyokimbia.

Gari la jeshi limetukuta kwenye barabara ya viwandani. Ramadhani kashuka, na askari wawili. Ngoma haikusimama. Mmoja wa wale askari ni kijana wa huku huku mlimani. Aliamriwa amshike Mafabi. Alipiga hatua, akaiona chachu, akarudi nyuma. Akasema, "Afande, mimi hapana. Hii imeshapakwa. Hii hawezi kushikwa." Wa pili aliinua bunduki. Wanawake wakamzunguka huku wanaimba, karibu kabisa, mpaka mtutu ukawa juu angani. Mzee Gidudu akamwambia Ramadhani kwa upole kwamba kijana sasa hana mwenyewe, ni wa kisu, na kesho kutwa hata kutembea hatatembea. Mpira gani atacheza?

Ramadhani alinitazama juu ya vichwa vya watu. Akaja. "Ofsaidi kubwa hiyo, ndugu yangu," akaniambia sikioni. Alikuwa anacheka. Jasho linamtoka na anacheka. Nikamwambia asirudi Jinja. Akasema mke wake yuko Jinja.

Gari limegeuka. Umati umeshangilia. Mimi sikushangilia.

Ijumaa, 9 Agosti.

Wamemkata asubuhi. Amesimama wima uani kwa baba yake mkubwa, matope kichwani, fimbo mabegani, macho mbele. Mkataji kafanya kazi yake. Mafabi hakupepesa. Ukope mmoja ungekuwa aibu ya ukoo mzima. Wanawake wamepiga vigelegele, mimi nimelia kama bibi harusi. Vijana wananicheka. Wacha wacheke.

Yuko salama.

Jumatano, 14 Agosti.

Kambi ya Jinja imefungwa mabao matatu. Kondakta wa basi kasema. Habari nyingine hakuna.

Mafabi anatembea miguu imeachana, kanga kiunoni. Anasema inauma lakini anapenda wanavyomsalimu. Amenenepa kwa siku hizi chache. Kila jamaa analeta kuku.

Jumatatu, 26 Agosti.

Dada yangu katuma salamu na dereva wa lori la pamba. Mke wa Ramadhani amepita nyumba nyingi akiuliza. Mumewe aliitwa kwa Meja jioni ile ya mechi. Hajarudi nyumbani.

Nilijua. Tangu kwenye ile mulokoni nilijua, naye alijua. Kila nikifumba macho naona krosi zake zinashuka, na mimi niko pale pale alipotaka niwe.

Tumetolewa kombe la vyuo. Sikujali hata kidogo.

Jumanne, 3 Septemba.

Wamekuja mazoezini. Gari lile lile, watu wengine. Nilifikiri Mafabi, nikaanza kupaza sauti kwamba bado ni mgonjwa. Hawakumtaka. Meja hana kocha. Amesikia nilicheza Mombasa na yule wa kwanza.

Mkuu wa chuo alikuwa dirishani kwake. Akafunga pazia. Simlaumu. Vijana walisimama na mpira wetu ulioshonwa. Nikawaambia wamalize mazoezi.

Nimepewa ruhusa ya kuchukua nguo. Naandika haya kitandani, askari yuko mlangoni anakula muwa.

Jumapili, 8 Septemba. Jinja, kambini.

Nina chumba. Wananiita afande, na mimi sina cheo. Timu inakimbia vizuri, kwa hofu, na mpira wa hofu haupigiki mbali. Nimewauliza habari za Ramadhani. Wote walianza kufunga kamba za viatu. Sitauliza tena.

Meja ameniambia winga wa kushoto bado anahitajika. Nimesema nitatafuta.

Jumapili, 6 Oktoba.

Mvua tangu asubuhi. Mama yake Mafabi kaja hadi getini na kabalagala kwenye jani la mgomba. Wamemruhusu dakika chache, nusu ya kabalagala imebaki kwa mlinzi.

Mwanawe amepona, anasema. Anacheza tena, na sasa wazee wanamwachia kiti. Mama alikuwa na fahari na hofu usoni, vyote pamoja. "Amenituma. Anasema kama Kocha iko kambini, yeye nakuja kambini. Anasema nataka kucheza chini ya Kocha."

Askari alikuwa karibu, anasikia. Nikaongea kwa sauti ya juu.

Nikasema, "Mwambie simtaki. Mwambie nilimpeleka Mbale kwa kukosa mtu. Mguu wenyewe mmoja, na huo mmoja wa kijijini. Mwambie nimeshapata bora kuliko yeye."

Mama akanitilia kabalagala mikononi. Akafunga tena jani lililokuwa tupu. Akasema, "Nitamuambia hivyo hivyo, Mwalimu. Nitamuambia mpaka aamini."

Kabalagala zilikuwa bado za moto. Nimekula zote.