Tamko la Ijumaa

Jumatatu, 4 Machi

Nina hasira. Shemeji yangu, mhariri, alichukuliwa ofisini kwake wiki iliyopita na watu wasio na sare. Hajulikani alipo. Na leo mimi, Waziri wa Mambo ya Nje, naagizwa niwaite mabalozi Ijumaa niwaambie yu mzima! Aliyeleta amri ni katibu wa Ikulu – namwita Pasi, suti yake haina mkunjo hata mmoja. Nikamwuliza nani kamwona. Akasema hilo halinihusu, kazi yangu ni kusema. Kusema tu! Miaka yote ile ya ubalozi, kutabasamu mpaka taya zinauma, kumbe nilikuwa nafundishwa kuwa kipaza sauti.

Jumanne, 5 Machi

Dada kaja. Kaleta mfuko: shati safi, mswaki, dawa za presha za mumewe. Kazunguka vituo vyote vya polisi, kote wanamwambia hayupo. Hakulia. Kasema mimi ndiye mkubwa serikalini, nimpelekee. Wapi? Nimpelekee wapi!

Jumatano, 6 Machi

Nimeandika tamko mwenyewe. “Nimearifiwa kuwa ni mzima.” Nimearifiwa – ndiyo kinga yetu wanadiplomasia. Uongo ukifumuka, mwongo ni aliyekuarifu. Mabalozi wanalijua neno hilo vizuri. Wakilisikia tu wataelewa kuwa sijui kitu, na wataanza kuuliza maswali. Ndicho ninachotaka. Waulize!

Alhamisi, 7 Machi

Tamko limerudi. Pasi si mjinga. “Nimearifiwa” kaikata, juu yake kaandika: “Nimemwona kwa macho yangu.”

Nikampigia simu nikafoka mpaka karani akaja kuchungulia. Basi nipelekeni nikamwone! Akacheka – mwanaharamu, alicheka! – akasema Mzee pale Ikulu anakumbuka kuwa nina dada mmoja tu.

Ijumaa, 8 Machi

Wizarani, chumba cha pembeni. Mabalozi wameshaketi ukumbini. Niliamua tangu alfajiri: nitasema “nimearifiwa”, wanifukuze wakitaka.

Nikafungua mlango niingie. Dada huyo hapo, kiti cha mbele! Gari la Ikulu lilimfuata nyumbani. Akanirukia, akanishika mikono yote miwili.

“Mdogo wangu, eti umemwona? Wameniambia umemwona! Anakula?”

Ukumbi mzima unatusikiliza. Pasi nyuma yake, anatabasamu. Nikatikisa kichwa. Hata sijui nilikitikisaje – yeye kachukulia kuwa ndiyo. Nikasema nimesahau miwani, nikarudi humu. Miwani ninayo usoni! Washenzi. Washenzi wakubwa!

Namsikia dada kupitia ukuta, sauti juu, anamwambia balozi wa nchi jirani: mdogo wangu kamwona, na huyu tangu utotoni hajui kudanganya. Wanampa pongezi.

Pasi anagonga mlango. Anagonga kwa adabu kabisa.